Jumamosi Tuliyolimaliza Kopo

Katika mwaka wa pili wa wakimbizi nilikuwa mhudumu wa redio katika yadi ya shirika moja la misaada, nje kidogo ya Kasulo, wilayani Ngara. Kila gari lililotoka liliniita kusema linaelekea wapi, na kila lililofika liliniita kusema limefika. Chumba changu kilikuwa na dirisha moja lililotazama uwanja mzima, na kwa kuwa redio hunyamaza kwa muda mrefu kuliko inavyosema, nilipata nafasi ya kutosha ya kutazama watu. Nilijua nani hunywa chai na nani, nani amenuniana na nani, na nani anaosha gari lisilo la zamu yake kwa sababu kesho ataomba ruhusa.

Kwa kutazama hivyo nilijua pia habari za pikapu.

Magari ya yadi yalikuwa ya kazi tu. Kubeba ndugu, jirani au mzigo wa nyumbani kulikuwa marufuku, na dereva aliyekamatwa alirudi kulima. Pikapu moja kuukuu ndiyo iliyoachwa nje ya sheria hiyo. Iliitwa gari la mapumziko. Aliyeipata siku ya Jumamosi aliitumia apendavyo, mradi anayeendesha awe dereva wa yadi na kabla ya giza iwe imerudi. Kila mtu aliitaka, na ili watu wasigombane, iligombewa kwa karata.

Mwanzilishi wa utaratibu huo alikuwa mkuu wa stoo, mgeni mrefu mwenye ndevu nyekundu. Kabla ya kuja kwetu kugawa mahindi na maturubai, alikuwa mgawaji wa karata katika kasino huko kwao. Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana alitandika blanketi la kijivu juu ya meza ya barazani na kuweka mbele yake kopo la maziwa ya unga lililojaa visoda. Kila mchezaji alipewa kikombe cha visoda vyake, na kabla ya kila mgao aliweka kisoda kimoja mbele kama kiingilio. Jumamosi moja walikaa wageni wenzake, Jumamosi iliyofuata tulikaa sisi wenyeji. Waliokaa wakilimaliza kopo kabla ya saa kumi na moja, pikapu ni yao Jumamosi inayofuata. Wakishindwa, pikapu inalala yadini.

Wageni walilimaliza mara nyingi, wakaenda zao kutazama maporomoko au kunywa vya baridi Biharamulo mjini. Sisi hatukuwahi kuona hata kitako cha kopo.

Kwa upande wetu walikuwa wakikaa watu watatu. Wa kwanza alikuwa mzee wetu wa madereva, mkulima wa hapo hapo Kasulo, Mkatoliki wa kanisani kila Jumapili, mtu wa maneno machache. Wa pili alikuwa dereva kijana wa Kisukuma ambaye mdomo wake ulitangulia gari lake. Wa tatu alikuwa fundi, Mhangaza, mwenye mikono isiyotakata hata kwa sabuni ya unga. Walicheza kwa ajili ya kupitisha mchana, wakishindwa wanacheka. Kisha binti wa mzee akachumbiwa na kijana wa Nyarubungo, upande wa Biharamulo, harusi ikapangwa, na kicheko kikaisha.

Ugumu ulikuwa njia. Miaka hiyo basi lilikuja likiwa limejaa, au halikuja. Barabara ya msituni ilikuwa na majambazi, magari yakisubiriana asubuhi ili yapite kwa msafara na askari mbele. Malori yalikuwepo mengi kuliko siku zote, lakini yote yalibeba chakula cha kambini, na nafasi ya pekee kwa mwenyeji ilikuwa juu ya magunia, ukimwomba dereva kwa kunong'ona. Bibi harusi wa watu angefika ukweni amepakwa vumbi jekundu kama tofali.

Mzee alikwenda kwa mkuu wa yadi, mama mmoja mgeni, mwenye haki kupita kiasi. Mimi ndiye niliyetafsiri.

“Nikimpa yeye gari,” mama akasema, “kesho atakuja mwingine na msiba, na kesho kutwa mwingine na mgonjwa. Nitamnyima nani? Mwambie ninasikitika. Pikapu ipo, aishinde kama wengine.”

Nilimwambia mzee hivyo hivyo, bila kupunguza. Alishukuru, akavaa kofia yake, akatoka. Pale nje ndipo aliposema.

“Binti, nimebeba wauguzi. Nimebeba waandishi wa habari. Nimebeba mbwa wa yule mgeni wa mradi wa maji, amekaa kiti cha mbele, dirisha wazi, anapunga upepo. Mwanangu ndiye apande magunia?”

Kabla ya harusi zilibaki zamu zetu mbili tu za kukaa mezani.

Zamu ya kwanza kati ya hizo iliharibika mapema. Niliitwa kutoka redioni kwa sababu fundi alikuwa amesimama, kiti kimeanguka nyuma yake, na mkuu wa stoo ameinua mikono juu.

“Uliza huyu bwana,” fundi alifoka, “uliza vizuri! Nina wafalme watatu. Watatu, dada, hawa hapa! Yeye hana kitu, takataka tupu. Nimesukuma visoda vyangu mbele kiume, halafu ananirudishia na kuniongeza kimoja! Kimoja! Huu si wizi?”

“Labda wafalme wako hawana kadi ya mgao,” alisema yule Msukuma.

“Wewe nyamaza, ulishaweka chini zamani.”

“Niliweka chini kwa sababu mzee alisukuma. Nishindane na mzee, mimi nimelelewa wapi?”

Mkuu wa stoo alieleza, nami nikatafsiri: mgawaji asipokuwa na karata za kutosha hachezi, hulipa kiingilio tu. Niliyatafsiri maneno yote, na hakuna hata mmoja aliyeelewa, mimi nikiwa wa kwanza. Kopo lilibaki limejaa. Mzee aliinuka akaenda kukagua matairi ambayo alikuwa ameyakagua asubuhi.

Nilirudi dirishani, lakini maneno ya yule Msukuma hayakunitoka. Aliweka chini kwa sababu mzee alisukuma. Nikajaribu kukumbuka Jumamosi zilizopita, na kila nilichokumbuka kilikuwa hicho hicho. Mzee akisukuma, vijana wanaweka chini karata zao bila kuzitazama mara ya pili. Fundi akisukuma kwa kishindo, Msukuma anaweka. Kila mara alibaki mtu mmoja tu mbele ya mgawaji, na wawili wameshapoteza viingilio vyao. Wageni walipocheza haikuwa hivyo. Wao walibaki wote, wakacheka wote, wakalipwa wote.

Jumatatu mkuu wa stoo alikuja redioni kuuliza malori yake, nikamwomba akae. Nilimuuliza kitu kimoja kimoja, nikimkatiza kila alipokimbia mbele.

“Mchezaji akishapata karata zake tano anafanya nini?”

“Anachagua. Anaweka chini na kupoteza kiingilio, au anasukuma mara mbili ya kiingilio.”

“Wewe je?”

“Mimi siwezi kuchagua. Karata yangu moja iko wazi, nne zimefunikwa. Nikizifunua nisipokuwa na ree na mfalme pamoja, au kitu kikubwa zaidi, sijatimiza. Hapo ninalipa viingilio, waliosukuma wanachukua vyao, basi.”

Ree ni ile karata yenye alama moja tu katikati, kubwa kuliko zote.

“Na ukitimiza?”

“Napima karata zangu na za kila mmoja. Aliyenizidi namlipa. Niliyemzidi nachukua vyake.”

Nikauliza swali lililokuwa limenikaa kooni tangu Jumamosi. “Fundi akiwa na karata nzuri kuliko za mzee, mzee anapoteza nini?”

Alinitazama kana kwamba nimemuuliza iwapo mvua hunyesha kwenda juu. “Hapotezi chochote. Mzee na fundi hawashindani. Kila mmoja anacheza na mimi.”

“Wote watatu wanaweza kushinda?”

“Wote watatu wanaweza kushinda.”

Aliondoka na habari ya malori yake, na mimi nikabaki nimeshika kipaza sauti bila kukibonyeza. Watu wetu walizoea karata za nyumbani, zile ambazo mezani kuna mshindi mmoja na wengine wote wanachekwa, na ambazo kijana mwenye adabu hamng'ang'anii mzee aliyeonyesha nguvu. Walikuwa wameleta adabu hiyo barazani, na adabu hiyo ndiyo iliyokuwa ikilijaza kopo.

Niliwapata Ijumaa ya wiki ya pili, kesho yake ikiwa zamu yetu ya mwisho. Walikuwa nyuma ya stoo, fundi yuko chini ya lori, miguu peke yake ndiyo inayoonekana, na wale wawili wamekaa juu ya magunia.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, binti. Redio imekufukuza?”

Niliwaambia niliyoyasikia. Mzee alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia nirudie mwanzo.

“Yaani huyu,” akamnyooshea kidole Msukuma, “akishinda, na mimi naweza kushinda?”

“Ndiyo, baba.”

“Katika karata zile zile? Mezani pale pale?”

“Pale pale.”

“Sasa huo ni mchezo gani usio na mshindwa?”

“Mshindwa ni kopo.”

Sauti ikatoka chini ya lori. “Sikubali. Wafalme wangu watatu je?”

Mlangoni mwa stoo ilisimama mizani kubwa ya kupimia magunia, na mawe yake ya chuma. Niliwaonyesha hiyo. Gunia la mzee linapimwa na jiwe, nikasema. Gunia la fundi linapimwa na jiwe hilo hilo. Hakuna siku mmeona gunia linapimwa na gunia. Mgawaji ni jiwe. Na ile siku ya wafalme watatu, mgawaji alikuwa kama mnunuzi wa kahawa aliyekuja mnadani bila fedha za kutosha. Kahawa yako ni nzuri, lakini hana cha kuinunulia. Anakupa kidogo kwa ajili ya usumbufu, unarudi na gunia lako nyumbani.

Miguu ilitambaa, fundi akatokea mzima mzima, uso umejaa grisi. “Kumbe alinilipa usumbufu!”

“Alikulipa usumbufu.”

“Angesema hivyo tangu mwanzo nisingeangusha kiti.”

Msukuma alikuwa akimtazama mzee kwa pembe ya jicho. “Basi mzee, sisi tulikuwa tunakuwekea heshima.”

“Heshima yenu,” alisema mzee polepole, “imenilaza yadini miezi yote hii. Kesho asiniheshimu mtu.”

Tulifanya mazoezi palepale, kwa karata za fundi zilizonuka dizeli. Tulikubaliana jambo moja rahisi: mwenye karata mbili zinazofanana, hata zikiwa ndogo namna gani, anasukuma, bila kutazama mwenzake amefanya nini. Hilo la kutotazama ndilo lililowashinda. Kila mara mzee aliposukuma, mkono wa fundi ulianguka chini wenyewe, na Msukuma akaupiga kofi.

“Acha adabu!” alimkemea. “Adabu baadaye, kwenye harusi!”

Jumamosi mkuu wa stoo alitandika blanketi lake kama kawaida. Safari hii niliomba mtu wa zamu ya usiku anishikie redio mapema, nikakaa mwisho wa benchi. Wapishi walitoka jikoni wakasimama nyuma yetu. Hata mama mkuu wa yadi alileta kikombe chake cha chai akaegemea nguzo.

Katika mgao wa kwanza wote watatu walisukuma. Mkuu wa stoo aliinua nyusi. Hakuwahi kuona hivyo upande wetu. Alifunua karata zake, hakuwa na ree wala mfalme, akalipa viingilio vitatu. Fundi alikuwa na tatu zinazofanana. Watu walikitazama kiti chake.

“Asante kwa usumbufu,” alisema fundi kwa heshima zote, akakiweka kisoda chake kimoja kikombeni.

Wapishi waliangua kicheko, na mkuu wa stoo akanigeukia mimi.

Haikuwa kupanda tu. Kuna wakati mgawaji alitimiza mara kadhaa mfululizo na vikombe vyetu vikapungua hadi Msukuma akaanza kutaja majina ya watakatifu ambao hawakuwa wa dini yake. Lakini tofauti ilionekana. Zamani tulipoteza viingilio viwili hata katika mgao tulioshinda. Sasa tukishinda tulishinda kwa pamoja, na mkono wa mkuu wa stoo uliingia koponi mara nyingi kuliko ulivyolijaza. Mara mzee alipata karata tano za kopa tupu, yale maua ya moyo mwekundu, na mgawaji akiwa ametimiza ilibidi amlipe kwa konzi. Tangu hapo kopo lilianza kutoa sauti tofauti. Visoda vilipiga bati.

Saa kumi na moja ilipokaribia, mama mkuu wa yadi alitazama saa yake na kuinua kidole kimoja: mgao wa mwisho. Ndani ya kopo vilibaki visoda vichache, vinavyojaa kiganja cha mtoto.

Karata zikatolewa. Ile ya wazi ya mgawaji ilikuwa ree.

Mzee alizitazama zake kwa muda mrefu. Nilikuwa nimekaa upande wake, nikaziona. Hakuna mbili zilizofanana, hakuna mfuatano, hakuna mfalme. Hakuna chochote. Mtu mwingine angesukuma kwa hasira tu, kwa kuwa mtoto wake ndiye aliyekuwa ndani ya karata zile. Mzee alizikusanya, akazinyoosha kingo, akaziweka chini. Kisha akaweka mikono yake magotini, kama abiria.

Msukuma alisukuma bila kumtazama mtu.

Ilibaki fundi. Alikuwa na nne mbili, jozi ndogo ya kusikitisha, na mkono wake ulikuwa juu ya visoda bila kushuka. Alimtazama mzee. Alitazama zile karata zilizowekwa chini.

“Mzee ameweka,” alisema kwa sauti ndogo. “Mzee ameweka, mimi ni nani nisukume?”

“Mwanangu,” mzee alisema.

“Naam, baba.”

“Unazo mbili zinazofanana?”

Mkuu wa stoo alitikisa kichwa: hairuhusiwi kuulizana karata. Mzee akainua mkono kuomba radhi.

“Basi usinijibu. Mimi nimeshashuka kwenye gari. Endesha.”

Fundi alisukuma, kwa mikono yote miwili, hadi visoda vikagonga kopo.

Mkuu wa stoo alifunua karata zake moja moja. Saba. Tisa. Mbili. Ya mwisho alikaa nayo kidogo, nadhani kwa mazoea ya kazi yake ya zamani, kisha akaigeuza. Mfalme. Ree na mfalme, ametimiza, lakini bila jozi. Nne mbili za fundi zilimzidi. Msukuma alifunua zake, jozi mbili, na hizo hulipwa zaidi. Mkuu wa stoo aliingiza mkono koponi akamlipa fundi. Akaingiza tena, akamlipa Msukuma vilivyokuwepo, na mkono ukakwaruza bati. Alilipindua kopo juu ya blanketi. Hakikutoka kitu.

“Bado ananidai,” alisema kwa Kiswahili chake, akimwonyesha Msukuma, na mwenyewe akaanza kucheka.

Sikumbuki nani alipiga kelele kwanza. Nakumbuka wapishi wakipiga masufuria, fundi akimkumbatia mama mkuu wa yadi na kumwachia grisi begani, na mama huyo hakujali, akaingia ofisini na kurudi na ufunguo. Alimpa mzee mkononi mbele ya watu wote.

“Mwambie,” aliniambia, “ninafurahi kwamba sikumpa.”

Nilitafsiri. Mzee alifikiri.

“Mwambie na mimi nafurahi. Ningepewa, ningeshukuru hadi nizeeke. Sasa sidaiwi shukrani.”

Jumamosi iliyofuata tulisubiri msafara pale njia panda tangu asubuhi, pikapu imeoshwa hadi rangi ikatishia kubanduka. Usukani aliushika mzee mwenyewe. Binti yake alikaa mbele na shangazi yake, amejifunika kitambaa cheupe, dirisha limepandishwa juu kabisa kwa ajili ya vumbi. Nyuma tulikaa mimi, fundi, Msukuma na ndugu wengine, tukilinda mtungi wa urwagwa, pombe ya ndizi ya nyumbani, usipinduke. Msituni askari walitutazama, wakaona shela, wakapiga saluti.

Tulipoacha barabara kubwa kuingia Nyarubungo, watu walitoka mashambani na majembe yao. Magari meupe ya namna ile walikuwa wakiyaona miaka yote miwili, yakipita barabarani kwa kasi kuelekea kambini, hakuna lililowahi kukata kona kuja kwao. Mwanamume mmoja alikimbia sambamba nasi akishika ubao wa pembeni.

“Mmeleta nini?” aliuliza. “Mnaandikisha watu wa mgao?”

“Tumeleta mke!” Msukuma alimjibu.

Uani kwa bwana harusi gari lilizimwa. Mzee aliteremka, akazunguka mbele, akamfungulia binti yake mlango. Binti alishuka akiwa mweupe tangu kichwani hadi viatuni, bila chembe ya vumbi, na vigelegele vikaanzia jikoni vikaenea hadi migombani. Mama mmoja wa pale, nadhani mama mkwe, alilitazama gari, akautazama mlingoti mrefu wa redio uliosimama juu yake, akamtazama mzee kwa mashaka.

“Hili ni gari la shirika gani, baba?”

Mzee alifunga mlango taratibu.

“Leo,” alisema, “ni la baba wa bibi harusi.”